Memoranda ya Kupinga Mswada Unaoingilia Faragha Yako: Mwongozo Kamili wa Kuiandika, Kuiwasilisha na Kuifuatilia

Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Siku zilizofuata watu wengi waliuliza swali moja: hii sheria imetoka wapi? Ilitoka Bungeni. Mswada wake ulikuwa wa mwaka 2024, na kwa miezi mingi ulikuwa mahali ambapo mwananchi yeyote angeweza kuusoma na kuupinga.

Wapo waliojaribu. Nimesoma memoranda nyingi, yaani nyaraka za maoni zinazopelekwa kwa kamati ya Bunge, ambazo wasomaji hunitumia wakiuliza kwa nini hazikusikilizwa, na karibu zote huanguka kwa makosa yale yale. Nyingine zilifika baada ya muda kwisha. Nyingine zinasema "tunaukataa mswada huu wote" bila kutaja kifungu hata kimoja. Nyingine zina kurasa sita za kumkashifu mbunge aliyeuleta, na mstari mmoja tu kuhusu sheria yenyewe. Karani wa kamati akipokea waraka wa namna hiyo hana pa kuuweka, kwa sababu ripoti ya kamati hupangwa kifungu kwa kifungu.

Mwongozo huu unahusu Bunge la Kitaifa la Kenya na miswada inayogusa faragha, mawasiliano, uhuru wa kusema na haki ya kuandamana. Ukifuata hatua zake, waraka wako utaingia kwenye ripoti ya kamati ukiwa na jina lako na hoja zako. Kukubaliwa ni jambo jingine, lakini usipoingia kwenye ripoti hata hilo halina nafasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mswada wenyewe. Uko kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.ke, katika ukurasa wa miswada, na haulipiwi. Usitegemee picha iliyosambazwa WhatsApp wala muhtasari wa mtu. Mara nyingi muhtasari huo unahusu nakala ya zamani.
- Sheria inayorekebishwa. Itafute kenyalaw.org. Hapo utapata pia hukumu za mahakama, nazo utazihitaji katika hatua ya tano.
- Tangazo la kamati linaloalika maoni ya umma. Hutoka kwenye magazeti na kwenye tovuti ya Bunge. Lina jina la kamati, anwani ya kupokea na saa ya mwisho.
- Katiba ya 2010, hasa Ibara za 24, 31, 33, 35, 37 na 118.
- Jioni mbili za kazi, na mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu mswada huo ambaye atakusomea waraka kabla hujautuma.

Wakili si lazima. Kiingereza cha kisheria pia si lazima. Ibara ya 120 inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Memoranda ya Kiswahili ina uzito ule ule, na ningependa kuona nyingi zaidi. Nukuu maneno ya mswada kama yalivyo kwa Kiingereza pale inapobidi, kisha eleza kwa Kiswahili chako safi.

## Hatua ya 1: Jua mswada umefika wapi

Mswada husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika. Kamati hiyo ndiyo hualika maoni ya umma, kwa sababu Ibara ya 118 inalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Baada ya ripoti ya kamati huja kusomwa mara ya pili, halafu Kamati ya Bunge Zima, ambapo marekebisho hupigiwa kura, kisha kusomwa mara ya tatu.

Dirisha lako ni lile la kamati. Likifungwa, utakuwa unambembeleza mbunge mmoja mmoja.

Angalia tangazo linasema saa ngapi. Mara nyingi ni saa kumi na moja jioni ya siku iliyotajwa, wala si usiku wa manane. Wengi hukosea hapa: wanatuma saa nne usiku wakidhani siku haijaisha.

Onyo: miswada ya namna hii haiji ikiwa imeandikwa "faragha" kwenye kichwa. Mwaka 2024 pendekezo la kuiondolea Mamlaka ya Ushuru masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Data lilikuwa ndani ya Mswada wa Fedha, katikati ya kodi za mkate na magari. Mwaka 2025 likaja jingine, tena ndani ya Mswada wa Fedha. Jizoeze kufungua ukurasa wa miswada mara moja kwa wiki.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye karatasi: jina kamili la mswada, nambari na mwaka wake, kamati inayoushughulikia, na saa ya mwisho.

## Hatua ya 2: Soma mswada kuanzia nyuma

Watu huanza ukurasa wa kwanza, wanachoshwa na tafsiri za maneno, wanaacha. Anza mwisho.

Kwenye kurasa za mwisho utakuta taarifa ya malengo na sababu, iliyotiwa saini na mwenye mswada. Inakueleza kwa lugha nyepesi kila kifungu kinakusudia nini. Hapo hapo kuna sentensi inayosema kama mswada unabana haki za kimsingi au la. Iandike neno kwa neno, nukuu hiyo ni dhahabu. Chini ya Ibara ya 24(2), sheria inayobana haki haiwi halali mpaka itaje waziwazi kwamba imekusudia kuibana haki hiyo, na kwa kiasi gani. Mwenye mswada akiandika "mswada huu haubani haki yoyote" huku kifungu kimoja kinaruhusu afisa kuchukua rekodi za mawasiliano yako, amekupa hoja yako ya kwanza.

Ikiwa ni mswada wa marekebisho, baada ya taarifa hiyo utapata vifungu vya sheria ya sasa vinavyoguswa. Viweke kando ya vifungu vipya, usome neno kwa neno. Mara nyingine hatari yote iko katika kufutwa kwa neno moja, au "na" kugeuzwa "au".

Onyo: usichanganye nambari. Kifungu cha 3 cha mswada kinaweza kuwa kinarekebisha kifungu cha 27 cha sheria. Taja vyote viwili kila mara: "kifungu cha 3 cha mswada, kinachorekebisha kifungu cha 27 cha sheria". Memoranda inayosema tu "kifungu cha 27" wakati mswada una vifungu saba inamfanya karani akisie, na huenda asikisie.

## Hatua ya 3: Chagua vifungu viwili au vitatu, basi

Ukipinga vifungu kumi na tano, utakuwa na sentensi mbili kwa kila kimoja. Chagua vile ambavyo, vikipita, vitabadilisha maisha ya mtu wa kawaida. Jiulize maswali haya unaposoma:

Nani anapewa mamlaka mapya? Je, anahitaji amri ya mahakama kabla ya kuyatumia, au anaamua mwenyewe? Taarifa zitakusanywa za nani: mshukiwa, au kila mteja? Zitatunzwa kwa muda gani? Mtu aliyeonewa atalalamika wapi? Na kosa limeelezwa kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anaweza kujua mapema kwamba analitenda?

Kifungu kinachokwama kwenye maswali mawili au zaidi ndicho chako.

## Hatua ya 4: Andika ombi kabla ya sababu

Kamati ina mambo matatu tu inayoweza kukifanyia kifungu: kukifuta, kukirekebisha, au kukiacha. Kwa hiyo ombi lako liwe mojawapo ya mawili ya kwanza. "Tunaiomba serikali iheshimu wananchi" si ombi ambalo kamati inaweza kulipigia kura.

Ukiomba kirekebishwe, andika maneno mapya unayotaka. Usiseme "kiboreshwe". Sema: "baada ya neno *afisa*, yaongezwe maneno *akiwa na amri ya Mahakama Kuu*". Mbunge anayekuunga mkono ataweza kuyachukua yalivyo na kuyawasilisha kama marekebisho.

Ushauri wangu kuhusu kufuta au kurekebisha ni huu. Kifungu kikiwa kibovu kutoka mzizi, omba kifutwe, halafu ongeza ombi la pili: "iwapo kamati haitakifuta, basi kirekebishwe hivi." Wapo wanaoona ombi la pili ni kusalimu amri. Mimi naona ni mlango wa pili, na nimeshaona watu wakipitia huo baada ya ule wa kwanza kufungwa.

## Hatua ya 5: Jenga sababu juu ya Ibara ya 24

Hapa ndipo memoranda nyingi hufa, basi twende polepole.

Faragha inalindwa na Ibara ya 31. Inakukinga usipekuliwe wewe, nyumba yako au mali yako; vitu vyako visitwaliwe; taarifa za familia yako au mambo yako binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima; na mawasiliano yako yasiingiliwe. Lakini faragha si miongoni mwa haki ambazo Ibara ya 25 inasema haziwezi kubanwa kabisa. Ukiandika "hii ni haki yangu, basi", mwanasheria wa kamati atajibu kwamba haki hiyo inaweza kubanwa kwa sheria. Naye atakuwa sahihi.

Hoja yenye nguvu ni kwamba haikubanwa *kwa njia inayokubalika*. Ibara ya 24 inaweka mizani: haki yenyewe ni ya aina gani, lengo la kuibana lina uzito gani, inabanwa kiasi gani, na je, ipo njia nyingine ya kufikia lengo hilo isiyobana sana. Kisha Ibara ya 24(3) inasema mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kubana. Si wewe unayepaswa kuthibitisha utaumia. Wao ndio wathibitishe kwamba hawana njia nyingine. Sentensi hiyo iwemo kwenye waraka wako.

### Mfano wa kufanyia mazoezi

Chukua Mswada wa Marekebisho wa Sheria ya Habari na Mawasiliano wa 2025, ulioletwa na mbunge wa Aldai, Marianne Kitany. Ulipendekeza kila mteja wa intaneti apewe nambari yake ya mita, kampuni ipime matumizi yake kwa mita hiyo na kumtoza kwa kipimo hicho, na taarifa zipelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Lengo lililotajwa lilikuwa bili za haki kwa mteja.

Waraka dhaifu ungesema: "Serikali inataka kutupeleleza. Tunakataa."

Waraka wenye nguvu ungekwenda hivi:

Kifungu: (nambari ya kifungu cha mswada, na kifungu cha sheria kinachoguswa).

Pendekezo: Kifungu kifutwe. Iwapo hakitafutwa, yaondolewe maneno yanayotaka kila mteja apewe nambari ya kumtambulisha na taarifa zipelekwe kwa Mamlaka. Badala yake kampuni ilazimike kumpa mteja mwenyewe taarifa ya matumizi yake kila mwezi.

Sababu: Lengo lililotajwa ni kumkinga mteja dhidi ya bili zisizo za haki. Lengo hilo linafikiwa kikamilifu mteja akipewa rekodi yake mwenyewe. Nambari ya kudumu inayomtambulisha kila mteja, ikiambatana na kumbukumbu za matumizi zinazotoka nje ya kampuni, haiongezi chochote kwenye usahihi wa bili, bali inawezesha mtu kufuatiliwa. Kwa hiyo ipo njia isiyobana sana, na kifungu kinashindwa kipimo cha Ibara ya 24(1)(e). Aidha, kinamgusa kila mteja bila kujali kama anashukiwa kwa lolote.

Hakuna tusi wala kelele hapo. Limetajwa lengo lao, likaheshimiwa, kisha ikaonyeshwa njia nyingine ya kulifikia. Mbunge aliyekuja kwenye kikao akiwa hana upande anaweza kuikubali hoja hiyo bila kuonekana msaliti wa chama chake.

### Hukumu za kuegemea

Hukumu moja iliyolengwa inashinda kumi zilizorundikwa. Hizi ndizo ninazozirudia mara nyingi, kulingana na ugonjwa wa kifungu:

*Kifungu kina maneno yasiyopimika,* kama "ya kuudhi" au "yanayoweza kusababisha". Tumia kesi ya Geoffrey Andare. Tarehe 19 Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno mtu asijue kosa linaanzia wapi.

*Kifungu kinakusanya taarifa nyingi kuliko lengo lake.* Tumia kesi ya Nubian Rights Forum kuhusu Huduma Namba, mpango wa serikali wa kusajili watu kwa nambari moja. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walizuia ukusanyaji wa chembechembe za vinasaba na mahali hasa mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, wakaona haukuwa na ulazima.

*Taarifa zinakusanywa kabla ya kupima madhara yake.* Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikufanywa kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

*Usalama wa taifa unatajwa kama sababu ya kufunga midomo.* Tarehe 23 Februari 2015, katika kesi ya CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo, mahakama ilifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014, kikiwemo kilichokuwa kinaadhibu vyombo vya habari. Majaji hawakukana kwamba ugaidi upo. Walisema ugaidi haufuti Katiba.

Onyo: isome hukumu yenyewe, walau aya za mwisho zenye maamuzi, kabla ya kuitaja. Baadhi ya hukumu zimebadilishwa na mahakama za juu. Ukitaja iliyopinduliwa, hoja zako nzuri zote zitatiliwa shaka pamoja nayo.

Umefaulu ikiwa yule msomaji wako asiyejua mswada anaweza kukuambia, bila kuangalia karatasi, unataka nini kifanyike na kwa nini njia yako inatosha.

## Hatua ya 6: Panga waraka

Kurasa tatu au nne zinatosha. Juu kabisa: "Kwa Karani wa Bunge la Kitaifa", halafu kichwa cha habari chenye jina kamili la mswada. Aya moja ya kujitambulisha: wewe ni nani na mswada unakugusaje. Fundi wa simu wa Kisauni akieleza jinsi kifungu kitakavyomlazimisha atoe namba za wateja wake ana uzito ambao mimi mwandishi sina. Yeye anazungumzia kazi yake.

Kisha jedwali la safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Kamati zimezoea umbo hili, na likija tayari linanakiliwa kwenye ripoti bila mtu kulifupisha upya. Anayefupisha hukata, na hujui atakata wapi.

Malizia kwa ombi la kufika mbele ya kamati, jina, saini na tarehe.

Nimeulizwa mara nyingi kama ni bora watu elfu moja watume barua pepe moja ile ile. Jibu langu: barua elfu moja zinazofanana huhesabiwa kama hoja moja. Ni afadhali waraka mmoja wenye saini nyingi, na kando yake watu kumi wenye visa kumi tofauti.

## Hatua ya 7: Linda faragha yako ndani ya waraka wa kulinda faragha

Memoranda ni hati ya umma. Ripoti ya kamati huchapishwa na kubaki mtandaoni miaka na miaka, ikiwa na majina ya waliotoa maoni.

Namba ya simu na barua pepe ziweke kwenye barua ya kusindikiza, si ndani ya waraka wenyewe. Usiambatishe kopi ya kitambulisho kama tangazo halijaitaka. Ukisimulia kisa cha mtu mwingine, ondoa jina lake, kijiji chake na tarehe inayoweza kumfichua, na uombe ruhusa yake hata hivyo. Ukituma faili, fungua sifa za faili uone kama kuna jina la mwajiri wako au mwenye kompyuta uliyoazima. Fungua barua pepe mpya ya kazi hii ikiwa ya kawaida inatumika benki na hospitali.

Ikiwa kazi yako au usalama wako haukuruhusu kujitokeza, usitume waraka usio na jina, kwani hautahesabiwa. Mpe hoja zako mwakilishi wa kundi lililosajiliwa, chama cha wafanyakazi, kanisa au msikiti, waziwasilishe kwa jina lao.

## Hatua ya 8: Wasilisha kwa njia mbili, upate ushahidi

Tuma kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo, na nakala kwa cna@parliament.go.ke, ambayo ni anwani ya Karani wa Bunge la Kitaifa. Kichwa cha barua kiwe jina la mswada na neno "Memoranda". Ambatisha faili aina mbili: PDF ya kusomwa, na ya maandishi yanayoweza kunakiliwa.

Kama uko Nairobi au una mtu huko, peleka nakala mbili za karatasi Ofisi ya Karani, Majengo Makuu ya Bunge. Moja wanabaki nayo, nyingine wanagonga muhuri wa kupokea na kuiandika tarehe. Omba muhuri huo kwa upole na usiondoke bila huo.

Kwa nini kung'ang'ania muhuri? Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilitengua uamuzi uliokuwa unalilazimisha Bunge kueleza sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Usisubiri barua ya kukueleza. Siku mkifika mahakamani, karatasi yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba mlisema, mlisema kwa wakati, na mlisema nini hasa.

Umefaulu ikiwa una nakala yenye muhuri au jibu la barua pepe la kupokea, na umezihifadhi mahali pawili.

## Hatua ya 9: Ukiitwa mbele ya kamati

Utapewa dakika chache. Usisome waraka, wanao mikononi. Sema kifungu chako kimoja kikubwa, ombi lako, na kisa kimoja cha kweli. Mwite mwenyekiti "Mheshimiwa Mwenyekiti" na uelekeze majibu yote kwake, hata mbunge mwingine anapokuchokoza. Ukiulizwa "sasa wewe unataka wahalifu watembee huru?", rudi kwenye njia mbadala: polisi waombe amri ya mahakama, na wakipewa, wafanye kazi yao.

## Hatua ya 10: Fuatilia ripoti

Wengi hukata tamaa hapa, ilhali kazi ngumu imeshafanyika. Ripoti ya kamati huwekwa Bungeni na kisha kwenye tovuti. Tafuta jina lako ndani yake. Chini ya hoja yako kutakuwa na maoni ya kamati. Ikiwa wamekubali, angalia sehemu ya marekebisho uhakikishe yamo kama yalivyokubaliwa. Kisha mpigie mbunge wako simu kabla ya Kamati ya Bunge Zima. Mtajie nambari ya kifungu tu, na umwombe aseme ndiyo au la kwa marekebisho yale.

Inafanya kazi. Mwaka 2025 Mswada wa Fedha ulipendekeza kufuta kifungu cha 59A(1B) cha Sheria ya Taratibu za Kodi, kinachoizuia Mamlaka ya Ushuru kudai siri za biashara na taarifa binafsi za wateja. Wananchi na mashirika walilipinga pendekezo hilo kwa memoranda, kamati ikashauri liondolewe, na sheria iliyotiwa saini tarehe 26 Juni 2025 haikuwa nalo.

Ikiwa huoni ripoti wala jina lako, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hiyo inasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Omba orodha ya memoranda zilizopokelewa na ripoti ya kamati. Wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya au wakikataa, pelekea Tume ya Utekelezaji wa Haki, tunayoiita Ombudsman, ndani ya siku 30.

## Hatua ya 11: Mswada ukipita hata hivyo

Kwanza, uliza kama unahusu kaunti. Ukihusu, utakwenda Seneti nayo itaalika maoni yake. Waraka wako upo tayari, badilisha anwani.

Pili, Rais ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha Bungeni akiwa na maoni yake, kwa mujibu wa Ibara ya 115. Barua fupi yenye nambari ya kifungu na hoja moja ya Katiba ina nafasi hapo. Iandike siku ile ile mswada unaposomwa mara ya tatu.

Tatu, mahakama. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kufungua kesi kwa niaba yake, ya wengine au ya umma. Marekebisho niliyoanza nayo yalisainiwa tarehe 15 Oktoba 2025, na tarehe 22, wiki moja tu baadaye, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27, zile za "yanayoweza kusababisha" mtu ajiue, kosa ambalo adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Hapa sasa unahitaji wakili. Mashirika ya haki za binadamu na Chama cha Wanasheria huenda tayari wanaandaa kesi. Wapigie, na usiende ukisema unataka kusaidia tu. Waambie unayo memoranda yenye muhuri wa Bunge, ya tarehe fulani, inayotaja kifungu kile kile wanachokipinga, na uko tayari kuiapia.